Kwenda saa kumi na tano, kurudi saa sita: hesabu ya safari ya Mwanza hadi Guangzhou

Binamu yangu anauza vioo vya simu, chaja na kava pale Makoroboi, hapa Mwanza. Mwaka huu amechoka kuagiza kupitia watu, ameamua kwenda Guangzhou kununua mwenyewe. Juzi jioni alinitumia picha ya tiketi kwenye WhatsApp, na nyuma yake ujumbe wa sauti: "Kaka, hebu niangalizie hii kitu. Kutoka Dar kwenda ni masaa kumi na tano na nusu. Kurudi masaa sita. Hii ndege inarudi kwa njia gani?"

Nilicheka, kisha nikaitazama tiketi vizuri. Alikuwa ameisoma sawasawa. Kwenda: inaondoka Dar es Salaam 1100, inafika Guangzhou 0230 kesho yake. Kurudi: inaondoka Guangzhou 0400, inafika Dar 1000 siku ileile. Toa ya kwanza kwenye ya pili, unapata hayohayo aliyoyapata. Na hizo hazikuwa namba pekee alizokuwa nazo. Tovuti moja ilimpa umbali wa kilomita 9,135, nyingine 9,560. Jirani yake wa duka, mzoefu wa China, alimwambia ni saa kumi na kidogo tu, unalala unaamka. Wakala wa tiketi akamwambia ajiandae kwa siku nzima. Kijiwe cha kahawa nacho kilikuwa na sayansi yake: dunia inazungukia mashariki, kwa hiyo ukienda China unaikimbiza, ukirudi inakuletea Dar miguuni.

Ukiacha kijiwe, wote walikuwa sahihi. Kila mmoja alikuwa anapima kitu chake.

Tuanze na kilomita

Sisi wa ziwani jambo hili tulipaswa kulijua kabla hatujaenda shule. Kutoka Mwanza mpaka Bukoba ni kama kilomita 175 ukikata moja kwa moja juu ya maji. Ukipanda basi unavuka Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, unaitafuta Geita, Biharamulo, Muleba, na mpaka ushuke Bukoba umepita kilomita 400 na zaidi. Ukiulizwa Bukoba ni mbali kiasi gani, lazima nawe uulize: kwa chombo gani, kwa meli au kwa basi?

Namba ya mtandaoni ni ya mstari ulionyooka juu ya mgongo wa dunia, na kwa safari fupi za huku kwetu unaweza kuitafuta mwenyewe kwa kalamu. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko digrii 2.4 kusini mwa ikweta na digrii 32.9 mashariki. Wa Dar uko digrii 6.9 kusini na 39.2 mashariki. Tofauti ni digrii 4.4 upande mmoja na 6.3 upande mwingine. Sasa chukua ile kanuni ya Paithagorasi ya kidato cha pili: zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Utapata digrii 7.68. Karibu na ikweta digrii moja ni takribani kilomita 111, kwa hiyo Mwanza na Dar zimeachana kwa kilomita kama 853. Barabara ya Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro inazidi kilomita 1,100.

Kalamu hiyo ukiipeleka mbali inakudanganya, kwa sababu dunia si karatasi. Kadiri unavyosogea kaskazini au kusini, mistari ya longitudo inabanana, mpaka inakutana kwenye ncha. Hapo inabidi uache ramani ya ukutani utafute mpira, au tikiti maji la duara. Weka alama ya Mwanza karibu na katikati ya tikiti, weka na ya mji unaoutaka, kisha vuta uzi kati yao mpaka ukaze. Uzi uliokaza ndiyo njia fupi, hata kama kwenye ramani utaonekana umepinda kama upinde.

Mfano ninaoupenda ni Los Angeles. Kwenye ramani iko magharibi yetu, juu kidogo, na mtu angesema ndege ivuke Congo, kisha Atlantiki, kisha Marekani. Uzi unakataa. Kutoka Mwanza unaelekea kaskazini-magharibi, unakata Sahara ya Algeria, unapita kusini mwa Hispania, unavuka bahari mpaka Labrador huko Canada, na kabla ya kushuka kuelekea California unapita jirani na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior, ziwa pekee la maji baridi duniani linalolizidi letu kwa eneo. Mtu wa Mwanza angetoka ziwa la pili kwa ukubwa akalipungie mkono la kwanza.

Kwa Guangzhou uzi haupindi sana. Ungetoka uwanjani kwetu, ukapita juu ya Ghuba ya Speke na Bunda, ukakata Kenya na Somalia, Bahari ya Arabu, India ya kusini, Ghuba ya Bengal, Myanmar, Laos na kaskazini mwa Vietnam, kisha China. Hiyo ndiyo kilomita 9,135. Tatizo ni kwamba hakuna ndege inayopita hapo kutoka Mwanza. Binamu yangu lazima kwanza ateremke Dar, kilomita 853 za kwenda kusini-mashariki, ndipo aanze kilomita 8,710 za kwenda China. Jumla ni 9,560 na ushee. Tovuti ya kwanza ilipima uzi, ya pili ikapima tiketi.

Hata hizo 8,710 si zote. Ndege zina barabara zake angani, zina nchi zinazotoza, anga zilizofungwa, mawingu ya radi ya kukwepa. Kwa kawaida nyongeza ni ndogo, lakini anga likifungwa kweli hesabu inaharibika: mashirika ya Ulaya yalipozuiwa kupita juu ya Urusi mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilitoka kwenye saa tisa hivi ikawa karibu saa kumi na tatu. Miji haikusogea hata hatua moja.

Muda wa hewani na muda wa ratiba

Ndege ya jeti inayobeba watu wa Mwanza kwenda Dar ikishatulia juu huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Gawanya 853 kwa 800, unapata saa moja na dakika chache. Mbona ratiba inaandika karibu saa moja na nusu, na ile ya pangaboi inazidi hapo?

Kwa sababu ndege haiko kwenye mwendo huo tangu mwanzo. Ratiba inaanza kuhesabu pale vizuizi vinapotolewa kwenye magurudumu na ndege kuanza kusogea. Itatambaa mpaka mwisho wa njia ya kurukia, itageuka, itasubiri mnara uiruhusu. Kisha inapaa, na kwa dakika ishirini hivi inapanda polepole kuliko itakavyokwenda baadaye. Abiria wa dirishani wanaliona ziwa, visiwa, miamba, wanapiga picha. Soda ikimaliza kugawiwa, ndege imeanza kushuka, na kushuka nako ni kwa mwendo mdogo. Dar ikiwa na foleni, mnaizunguka bahari kwanza. Saa ya ratiba inasimama ndege inaposimama, milango ikikaribia kufunguliwa. Juu ya hayo mashirika huongeza dakika chache za akiba, ili ndege iliyochelewa kidogo iandikwe kuwa imewahi. Ujanja huo siupendi, lakini mwenye basi naye akikwambia mtafika saa moja usiku huwa anajua kabisa ni saa ngapi.

Kwa safari ndefu mambo ya kupanda na kushuka yanamezwa na urefu wenyewe. Ndege kubwa kama Boeing 787 huenda kama kilomita 900 kwa saa. Kilomita 8,710 kwa mwendo huo ni saa tisa na dakika arobaini. Ongeza kutambaa, kupaa, kukwepa na kushuka, unakaribia saa kumi na nusu. Jirani wa Makoroboi alikuwa na haki yake: yeye alihesabu muda wa kukaa kitini.

Halafu kuna upepo. Huko juu ndege zinakopita, hasa mbali na ikweta, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini mmoja wa mikondo hiyo hupita kaskazini mwa India mpaka kusini mwa China, na unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege ya kwenda Guangzhou husukumwa nao kipande cha mwisho. Ya kurudi huukuta usoni. Tuseme kwa wastani wa njia nzima unasaidia kilomita 50 kwa saa: mwendo juu ya ardhi unakuwa 950, na safari ya saa 9 na dakika 40 inashuka hadi saa 9 na dakika 10. Ukipinga kwa kiasi hichohicho, mwendo unakuwa 850 na safari inafika saa 10 na robo. Ndege ni ileile na injini ni zilezile, lakini saa nzima imepatikana au imepotea. Ndiyo maana kurudi kutoka China kwa kweli ni kurefu kidogo kuliko kwenda, kinyume kabisa na tiketi inavyoonyesha.

Sasa kijiwe. Nawaheshimu wazee wangu wa kahawa, lakini hili hapana. Ni kweli dunia inazungukia mashariki, na huku karibu na ikweta ardhi inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Ila hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Nzi akiingia kwenye daladala pale Igoma, anaruka kutoka kiti cha nyuma mpaka kwa dereva bila kubandikwa kwenye kioo cha nyuma, kwa sababu hewa ya ndani inasafiri na gari. Ingekuwa kama kijiwe kinavyosema, helikopta ingepaa Kirumba, ikaning'inia hewani saa moja, ikatua Congo bure. Na ndege ya kwenda China ya kilomita 900 kwa saa isingefika kamwe, maana China ingekuwa inaikimbia kwa karibu mara mbili ya mwendo wake.

Saa za watu

Zile saa 15 na nusu na saa sita za binamu yangu zinatoka kwenye kosa moja tu, na ni kosa ambalo tiketi inakutega ulifanye: muda wa kuondoka umeandikwa kwa saa ya mji unaotoka, muda wa kufika kwa saa ya mji unaofika. Tanzania iko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, China kwa saa nane, na China yote pamoja na ukubwa wake inatumia saa moja. Tofauti yetu nao ni saa tano.

Kwa hiyo ile 0230 ya Guangzhou, huku ni 2130 ya usiku uliotangulia. Kutoka 1100 mpaka 2130 ni saa kumi na nusu. Kurudi, ile 0400 ya Guangzhou ni 2300 ya usiku huku kwetu, na kutoka hapo mpaka 1000 asubuhi ni saa kumi na moja. Kumi na nusu kwenda, kumi na moja kurudi. Upepo umeonekana, muujiza umetoweka.

Saa zenyewe ni makubaliano ya watu, na Mwanza ina ushahidi wake kila siku. Dunia hugeuka digrii 15 kwa saa, na saa tunayotumia Afrika Mashariki ni ya longitudo ya digrii 45, ile inayopita karibu na Mogadishu. Mwanza tuko digrii 12 magharibi ya hapo. Jua letu la utosini, kwa wastani, linafika kama dakika 48 baada ya saa sita mchana; la Dar kama dakika 23. Anayefunga Ramadhani anajua: ukifuturu Mwanza kwa adhana ya redio ya Dar, umekula jua bado linaonekana. Cairo ndiyo inachekesha zaidi. Iko karibu juu yetu moja kwa moja, kilomita 3,600 kaskazini, jua lake na letu hufika katikati ya siku karibu pamoja, lakini saa zao za kawaida ziko nyuma yetu kwa saa moja, na majira ya joto wanazisogeza zinalingana na zetu. London nayo ni saa tatu nyuma wakati wa baridi, mbili wakati wa joto. Huku kwetu hakuna anayegusa saa, kwa hiyo mwenye ndugu Uingereza lazima akumbuke mwezi ndipo ajue muda wa kupiga.

Kwetu kuna fundo jingine ambalo Mzungu hana: lugha yenyewe. "Saa sita" ni muda wa siku na ni urefu wa safari. "Ndege ni saa sita" ina maana gani, inaondoka mchana au inakaa hewani robo siku? Walimu walituchapa tusiseme "masaa", lakini mtaani wanaosema "masaa sita" kwa urefu na "saa sita" kwa wakati wameondoa utata ambao vitabu vimeuacha. Mimi naandika "saa" kwa nidhamu, moyoni niko nao.

Na tiketi haijui Kiswahili. 1930 ni saa moja na nusu usiku, 0330 ni saa tisa na nusu. Unaongeza au kutoa sita. Hiyo ni rahisi. Kilichonimaliza mimi ni tarehe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tiketi ya kutoka Dar, tarehe 14 Agosti, 0040. Saa sita na dakika arobaini usiku, nikaisoma vizuri kabisa. Nikaondoka Mwanza tarehe 14 mchana, nikala kwa dada yangu Tabata, nikaoga, saa tatu usiku niko uwanjani na begi langu. Yule binti wa dawatini aliitazama tiketi, akanitazama mimi, akaita mwenzake waitazame wote. Ndege ilikuwa imeondoka jana usiku. Kwa mtu wa Kiswahili usiku wa tarehe 14 unakuja baada ya mchana wa tarehe 14. Kwa tiketi, tarehe inageuka saa sita usiku, na dakika arobaini baadaye tayari ni siku nyingine. Lugha yetu ina neno sahihi kabisa la kuondoa balaa hilo, na magazeti hulitumia kila siku: usiku wa kuamkia tarehe 14. Sasa kila tiketi yenye sifuri mbili mbele naiandika kwa kalamu pembeni: wa kuamkia.

Siku nzima ya wakala

Imebaki namba ya wakala. Binamu yangu anakaa Igoma. Ndege ya Mwanza–Dar inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, hivyo saa kumi alfajiri awe njiani. Dar anatua saa moja na nusu, anasubiri mizigo, anahamia jengo la safari za kimataifa, anapanga foleni upya, maana safari ya nje inataka ufike saa tatu kabla. Saa tano asubuhi wanaondoka. Akitua Guangzhou kuna uhamiaji, mizigo, teksi. Akifungua mlango wa hoteli huko itakuwa alfajiri, huku Mwanza saa tano na nusu usiku. Kutoka kitanda hadi kitanda ni saa 19 na nusu, na kati ya hizo ameruka 12.

Angepitia Dubai, kama wengi wanavyofanya, kilomita zingefika karibu 10,660. Ukilinganisha na ule uzi wa tikiti maji ni nyongeza ya kilomita 1,500, ambazo jeti inazimaliza chini ya saa mbili. Kinachoongeza siku ni kule kukaa, saa nne hapa, saa saba pale, unalinda begi na kutafuta soketi ya kuchajia simu.

Na hilo si geni ziwani. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka London, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Mwanza. Hapahapa. Kwa mstari ulionyooka London ni kilomita 6,770 kutoka kwetu, umbali ambao ndege ya leo ingeumaliza kwa saa nane hivi. Barua za safari hiyo zilichukua zaidi ya wiki, kituo kwa kituo kufuata Nile, na kipande cha mwisho zilibebwa na ndege zinazotua majini. Miaka zaidi ya tisini baadaye hakuna ndege ya moja kwa moja ya London–Mwanza. Uwanja wetu uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito iliyojaza mafuta huhitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko ikiwa Dar, lakini sababu kubwa ni abiria: ndege kubwa haijazwi na mtu mmoja anayefuata vioo vya simu.

Nilimwandikia binamu yangu haya yote kwa ufupi. Hakujibu kuhusu upepo wala tikiti maji. Alichoshika ni zile saa tano. Duka lake la Makoroboi linafunguliwa saa mbili asubuhi, na wakati huo Guangzhou ni saa saba mchana. Masoko ya jumla huko yakifunga saa kumi na mbili jioni, Mwanza ni saa saba mchana. Amekwisha mwambia kijana wake wa dukani: oda za wateja zitumwe kabla hajaenda kula.